Nimemwandika Mjane wa Kule Hudson Kuwa Mke Wangu ili Nisilipe Kodi ya Gari

Mpendwa mshauri Bi. Imaculata,

Naomba msaada wako, lakini tafadhali unisaidie kwa sauti ya chini, maana hiki kijarida chako tunakichukua pale dukani mtaa wa Phillips tunaponunua unga, na nusu ya kanisa letu huanza kukisoma kutoka ukurasa wako wa nyuma kabla hata hawajaangalia nani amefiwa. Kwa hiyo majina yote ubadilishe, hasa langu, na ukiweza ubadilishe pia umri, uniweke hamsini na tano.

Ukweli nina miaka sitini na tisa. Mke wangu alifariki miaka minane iliyopita. Shuleni nilifika darasa la tano nikatoka, si kwa kukosa akili, ila mwalimu na mimi tulichokana. Baadaye nikawa karani wa kupima majani chai huko kwetu, miaka ishirini na sita nikiwa na mizani, kwa hivyo hesabu ya kilo naijua, na ya kupunguza kilo pia naijua, Mungu anisamehe na wakulima wanisamehe. Binti yangu Lois, ambaye ni nesi, alinileta hapa Crystal, Minnesota, nikae naye. Niliona nikikaa tu kwenye kochi nitaota mizizi, nikatafuta kazi ya kuosha vyombo katika nyumba ya wazee. Wale ni wazee wenzangu kabisa, tofauti ni kwamba wao wanalipa kukaa pale na mimi nalipwa.

Sasa taabu ikawa basi. Wewe unajua basi la Crystal siku ya theluji, unasimama mpaka masharubu yanakuwa vigae. Nikaweka akiba mwaka mzima nikasema nitanunua gari, na hapo ndipo Francis alipoingia. Francis ni mtu wa kanisani kwetu, amekaa Amerika miaka sita na kwa hivyo anajua kila kitu. Baada ya ibada, tukiwa tunakunywa chai kule chini, akanishika kiwiko akaniambia, “Mzee, usinunue gari Minnesota. Hapa kodi ni sita na nusu kwa kila mia, hao ni wezi. Vuka daraja uende Wisconsin, ununue huko, urudi nalo. Hakuna atakayekuuliza.” Na watu wote waliokuwa wameshika vikombe wakatikisa kichwa, eti ndiyo, ndiyo, ndivyo tunavyofanya. Nikauliza, “Wewe Francis ulifanya hivyo?” Akasema, “Mimi sijanunua gari bado, lakini ningefanya.” Hapo ndipo ningepaswa kukimbia, Bi. Imaculata, lakini chai ilikuwa tamu.

Ikawa kuna mama mmoja wa kwetu anakaa Hudson, upande huo wa Wisconsin, pale tu ukivuka mto, jina lake Keziah, mjane wa miaka sitini na moja, anafanya kazi ya kulaza wagonjwa na kuwaamsha. Tulimjua kwa mikutano ya watu wa nyumbani. Alikuwa anauza Oldsmobile yake ya mwaka wa themanini na nne, rangi ya damu ya mzee, kiti cha mbele kirefu kama cha kanisa. Nikapanda basi mpaka Saint Paul, na kwa vile basi halivuki mto, alikuja kunichukua kwa hilo hilo gari nililokuwa naenda kulikagua.

Sasa nitakuambia jambo ambalo hata Francis halijui. Gari linakaguliwa kwa robo saa. Unafungua boneti, unasema “mmm”, unapiga magurudumu teke, kwisha. Mimi nililikagua Jumamosi tano. Jumamosi ya kwanza nilikagua injini. Ya pili nikasema breki zinanitia wasiwasi. Ya tatu nikataka kusikia redio. Yule mama anapika chai ya maziwa yaliyochemka pamoja na majani, si hii ya hapa ya kutumbukiza kifuko kama unavua samaki, na mimi ni mtu wa chai, nikaangalia rangi yake kikombeni nikajua hii imepikwa na mtu anayejua. Jumamosi ya nne akaniuliza, “Baba Lois, leo unakagua nini?” Nikasema, “Leo nakagua kiti.” Akasema, “Kiti cha gari ama kiti cha jikoni kwangu?” Tukacheka mpaka akalazimika kuketi.

Jumamosi ya tano nikalipa, dola elfu mbili na mia nne, akatia sahihi kwenye hati ya gari. Mimi nilikuwa nimebeba fomu ya kuandikisha niliyoichukua kwenye ofisi yetu huku Crystal, na kwa vile macho yangu ni ya zamani, akanisomea, nami nikamweleza ile hesabu ya Francis. Akafika mahali akaweka kidole, akaniambia, “Baba Lois, mmedanganywa. Kodi ni ya pale unapolala, si pale ulipokunywa chai. Ukienda kuchukua namba za Minnesota, watakutoza kodi ya Minnesota, hata gari ungelinunua mwezini.” Nikajisikia mjinga mbele ya mwanamke ninayetaka anione mwerevu, ni maumivu ya pekee hayo. Nikasema, “Aa, nilijua, nilikuwa nakujaribu.” Akanirudishia fomu yangu.

Nilipofika nyumbani nikampigia Francis. Unafikiri aliona haya? Alisema, “Hiyo ni ndogo, mzee. Kuna mahali kwenye fomu pa kusema gari umepewa zawadi na mtu wa nyumbani. Mke akimpa mume gari bure, hakuna kodi. Andika bei ni sifuri, andika ni mke. Sahihi yake si unayo tayari?” Nikamwambia, “Francis, huyu mama si mke wangu.” Akasema, “Na nani pale kaunta anajua mke wa Mkenya ni nani?”

Nikapiga hesabu. Sita na nusu kwa kila mia ya elfu mbili na mia nne ni dola mia moja na hamsini na sita. Kwa kuosha sahani hizo ni siku tatu na jioni moja. Nikachukua kalamu ya Lois, nikaketi mezani, nikaandika sifuri. Halafu pale pa kuandika mwenye gari ni nani kwangu, nikaandika mke. Na hapa ndipo naungama, mshauri. Neno hilo nililiandika kwa mwandiko mzuri kuliko jina langu mwenyewe, nikalitazama mpaka wino ukakauka. Kama ingekuwa ni ule uongo wa kupunguza kilo ningejua, ule nina uzoefu nao, una ladha yake. Huu ulikuwa mtamu tu. Kesho yake nikapeleka kaunta, dada wa pale akapiga muhuri bila kuniangalia, nikapewa namba, nikaendesha gari langu nikiimba.

Zimepita wiki tatu, zikaja barua mbili za serikali. Moja kwangu Crystal, nyingine kwa Keziah kule Hudson. Wanasema wanahakikisha tu, kwa vile mke na mume wana anwani katika majimbo mawili, basi tafadhali kila mmoja aandike kama ni kweli bibi huyu alimpa mumewe gari hili bure, atie sahihi, arudishe kabla ya mwisho wa mwezi.

Barua ya Keziah haikusomwa na Keziah kwanza. Ilisomwa na kaka yake, Elkanah, anayekaa Woodbury, alikuwa ameenda kumrekebishia bomba akaikuta mezani. Akanipigia simu kazini, mikono yangu ikiwa kwenye sabuni.

“Shemeji!”

Nikauliza, “Shemeji wa nani?”

“Wangu. Habari za dada yangu? Analala vizuri huko kwako?”

“Elkanah, dada yako yuko kwake Hudson.”

“Ndiyo nashangaa! Ameolewa na bado anaishi kwake. Na sisi kaka zake hatujaona hata mkia wa ng'ombe. Nimeongea na wazee nyumbani jana. Ng'ombe wanane, mbuzi wawili na blanketi la mama.”

“Ng'ombe wanane? Kwa Oldsmobile ya themanini na nne?”

“Koma hapo hapo. Usilinganishe dada yangu na Oldsmobile.”

Na alikuwa anacheka, yule mtu, lakini ni kile kicheko cha shemeji, unajua kina meno ndani.

Jioni hiyo Lois akaniuliza kwa nini nina barua ya serikali inayosema ana mama wa kambo. Nikamweleza. Aliweka kichwa chini mezani, mabega yakitikisika, nikafikiri analia, kumbe anacheka. Halafu akainua uso na hakuwa anacheka tena. “Baba, umemwuliza Mama Martin?” Ndivyo tunavyomwita Keziah, kwa jina la mwanawe. Nikasema, “Kumwuliza nini?” Akasema, “Chochote, Baba. Umemwuliza chochote?”

Nikaendesha mpaka Hudson. Keziah alinifungulia mlango lakini hakusogea kando nipite. Alikuwa na ile barua mkononi. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akasema, “Jumamosi tano, Baba Lois. Mimi nilikuwa nafikiri najua unachokagua. Sasa niambie mwenyewe. Ulikuwa unatafuta mke ama ulikuwa unatafuta namba za gari?”

Mimi, mtu wa maneno, mtu niliyejibizana na mameneja wa chai mpaka wakanihamisha mara nne, nilifungua mdomo nikasema, “Vyote viwili.”

Alifunga mlango polepole. Hata haukulia.

Sasa Francis anasema suluhisho ni rahisi, nimchukue twende kortini haraka tuoane kabla ya mwisho wa mwezi, uongo utageuka kuwa kweli na serikali itanyamaza. Elkanah anangoja ng'ombe. Lois hataki hata kupanda gari, anasema lina laana. Keziah hajibu simu, na zimebaki siku kumi. Akiandika ndiyo, ameidanganya serikali kwa ajili yangu. Akiandika hapana, amenitaja mwongo. Lakini nikikuambia ukweli, serikali hainitishi hivyo, mimi na mizani tumekaguliwa sana. Kinachoninyima usingizi ni kwamba huyu mama anafikiri zile Jumamosi zilikuwa za kodi. Nimefikiri labda nifuate ya Francis, nioe haraka. Nifanye nini?

Ni mimi, Kijana wa Crystal

*

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Salamu nimemaliza, sasa nakugombeza.

Umeniomba nibadilishe majina, nimeyabadilisha. Umri wako nimeuacha ulivyo, hamsini na tano hujafanana nayo. Lakini umetaja Oldsmobile ya themanini na nne ya rangi ya damu ya mzee, yenye kiti kama cha kanisa, na mwenye gari hilo ni mmoja tu kuanzia hapa mpaka Hudson, kwa hiyo usinilaumu watu wakikusalimia kwa kukohoa.

Tuanze na huyo Francis. Mtu ambaye hajawahi kununua gari anakufundisha kununua gari. Mtu huyo huyo sasa anakufundisha kuoa, nami nina hakika hajaoa. Nimekosea? Usipokee ushauri wake tena, hata akikuambia mvua inanyesha, toka nje ukahakikishe mwenyewe. Na ninyi wengine wote mnaoshika vikombe mkitikisa vichwa, nisikilizeni: kodi ya gari unalipa pale unapoliandikisha. Daraja halifuti kodi. Mkivuka kwenda Wisconsin nendeni mkatembee.

Sasa kaa kitini, mzee wangu, maana nina habari mbaya. Kabla ya kukujibu nimempigia simu dada mmoja ninayesali naye, kazi yake ni kuandikisha magari, nikamsomea mwaka wa gari lako na bei uliyolipa. Akaniuliza mara mbili kama sitanii. Gari lililopita miaka kumi na lenye thamani ndogo kama la kwako, Minnesota haikutozi sita na nusu kwa mia. Inakutoza dola kumi. Kumi tu, kwa gari zima! Ungefika kaunta na ukweli wako mkononi, wangekuambia hivyo wakakuaga. Umemwoa mwanamke wa watu bila yeye kujua ili kuokoa dola kumi. Mtu aliyekaa na mizani miaka ishirini na sita!

Cheka kwanza. Mimi nimecheka mpaka mume wangu akaja kuuliza. Ukimaliza, tuongee kwa uzito, kwa sababu nimekusoma na nimeona unapoumia.

Wewe hukumwandika Keziah mke wako kwa sababu ya kodi. Kodi ilikuwa kisingizio, kama breki na redio. Ungeweza kutafuta ndugu yeyote wa kukupa gari bure kwenye karatasi. Wewe ukaketi ukatazama wino ukikauka. Shida yako ni kwamba jambo hilo umeiambia karatasi, umeiambia serikali ya Minnesota, na sasa umeniambia mimi. Mwenyewe hujamwambia. Binti yako alikuuliza swali zuri kuliko yote yaliyomo katika barua yako, na hukumjibu.

Kuoa haraka kabla ya mwisho wa mwezi, hapana. Nasema hapana kubwa. Utakuwa umemfanya mwanamke mzima aliyezika mume na kulea mtoto aolewe ili alingane na fomu. Maisha yake yote atajiuliza kama alichumbiwa au alitumika kama muhuri.

Utafanya hivi. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda kwenye vyombo vyako, nenda kwenye kaunta uliyopeleka fomu. Nenda peke yako. Mwambie dada wa pale, “Niliandika uongo, bei ilikuwa elfu mbili na mia nne, na mama huyu si mke wangu.” Usimchekeshe. Najua utataka kumchekesha, jizuie. Lipa zile kumi, na wakikuongezea faini lipa pia, hata ikizidi zile mia na hamsini na sita zako, usinung'unike mbele yao. Tena afadhali uongo huo ukautaja mwenyewe kabla hawajakuita.

Kisha mpigie Elkanah. Mwambie kwa heshima hakuna ndoa, kwa hiyo hakuna ng'ombe, na kwamba ulimkosea yeye na nyumba yao kwa kuandika jina la dada yao bila ruhusa. Atatania. Mwache atanie, amekutendea wema. Kaka mwingine angekuja na rungu mpaka Crystal. Lois naye mpeleke kazini kwa hilo gari, mkono mmoja usukani, mwingine ukishika risiti, aone kwamba laana imelipiwa.

Halafu vuka daraja. Jumamosi, saa ile ile uliyozoea. Akikufungulia na kusimama mlangoni, simama nje, usijikaribishe. Sema maneno haya ukiwa na kofia mkononi: nilikosa, nimerekebisha, hakuna kitu cha gari ninachotaka kwako tena. Akikuuliza lile swali lake, usimjibu bado. Akikufukuza, nenda, gari ni lako kwa haki na aibu ni yako kwa haki. Lakini sidhani atakufukuza. Mwanamke aliyekuona Jumamosi tano ukipiga magurudumu yale yale teke, na bado akakuchemshia maziwa, alikuwa na lake moyoni.

Akikuingiza ndani, mwombe ailete ile barua ya serikali mezani. Kalamu mpe wewe. Mwache aandike ukweli kwa mkono wake, kwamba hakukupa gari bure na kwamba wewe si mume wake, neno kwa neno, nawe ukae kimya uone linavyoandikwa, hata likikuchoma. Atie sahihi, aikunje, aifunge kwenye bahasha, alambe gundi.

Bahasha ikishafungwa, mwombe akuoe. Au wewe umwoe, mtapanga wenyewe.

Bi. Imaculata